Tarakimu saba si mpaka wa akili ya mtoto

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa malezi umewashauri wazazi wawapime watoto kumbukumbu nyumbani. Mzazi anaambiwa amsomee mtoto wa darasa la pili tarakimu saba, mtoto azirudie, na akishindwa apelekwe kwa mtaalamu, kwa maelezo kwamba ubongo wa binadamu hubeba vitu saba. Sisi tunaofundisha na kufanya kipimo hiki hapa Dodoma tunaomba nafasi ya kusahihisha, kwa sababu ushauri ule ukifuatwa kama ulivyochapwa, karibu darasa zima la pili litaonekana lina kasoro.

Kwanza umri. Kwa watoto wanaopimwa kwa Kiingereza, ambako ndiko takwimu nyingi zilikotoka, wa miaka 5 hurudia tarakimu 4 hivi, wa miaka 7 hurudia 5, wa miaka 9 au 10 hufikia 6. Anayecheza kwenye 7 ni mtu mzima, na hata watu wazima hutofautiana, huyu akaishia 5 na yule akafika 9. Mtoto wa darasa la pili ana miaka 7 au 8. Kumdai saba ni kumvisha viatu vya baba yake kisha kumlaumu kwamba vinampwaya.

Na hiyo saba yenyewe haikutoka kwenye ubongo kama mlivyoieleza. Kipimo ni cha zamani: Joseph Jacobs alikieleza London mwaka 1887 baada ya kuwapima wanafunzi, akaona kwamba wakubwa wanarudia zaidi ya wadogo na kwamba tarakimu hurudiwa nyingi kuliko herufi. Alfred Binet na Théodore Simon wakakiingiza katika vipimo vyao vya akili vya Paris mwaka 1905, na David Wechsler akakichukua Marekani mwaka 1939. Saba ikapata umaarufu mwaka 1956 kupitia makala ya Mmarekani George Miller, aliyeandika juu ya saba, kuongeza au kupunguza mbili. Wanaomnukuu huwa hawafiki mwisho wa makala, ambako Miller mwenyewe anashuku kwamba kujirudia kwa saba hapa na pale ni sadfa tu. Hoja yake kubwa ilikuwa nyingine: tunachokihesabu si tarakimu, ni mafungu.

Fungu halihitaji maabara kulielewa. Namba ya LUKU, ile inayoingizwa kwenye mita ya umeme, ina tarakimu 20. Mama aliyeko Nkuhungu anayemsomea mwanawe kwa simu hazisomi ishirini kwa mkupuo. Anasoma nne, anangoja mita ilie, anasoma nne nyingine, hadi mara tano. Namba ya simu ina tarakimu 10, lakini aliyezoea 0754 hazishiki kama sifuri, saba, tano na nne. Kwake hicho ni kitu kimoja, na mzigo uliobaki ni tarakimu sita tu. Ndiyo maana mtu yuleyule atakushikia namba ya simu ya hapa nchini bila taabu, halafu akayumba kwenye namba ya kulipia ya tarakimu 12 ambayo hana alichokizoea ndani yake. Nelson Cowan alipokusanya tafiti mwaka 2001, akichagua zile ambazo mtu hakupata nafasi ya kufunga mafungu wala kujirudia kimoyomoyo, alibaki na vitu vinne hivi. Kwa hiyo anayetaka kuandika gazetini kwamba ubongo una idadi yake, aandike nne, na aongeze masharti yote yanayoandamana nayo.

Jambo linalotukera zaidi, ambalo makala yenu haikuligusa kabisa, ni lugha.

Sauti tunayoisikia hudumu kichwani kwa muda mfupi mno, na ili isipotee mtu huirudia kimoyomoyo. Hayo yamo katika nadharia ya Alan Baddeley na Graham Hitch ya mwaka 1974. Mwaka uliofuata Baddeley na wenzake wakaonyesha kwamba maneno mafupi hukumbukwa mengi kuliko marefu, na kwamba mtu hushika takriban kile anachoweza kukitamka ndani ya sekunde 2. Matokeo yake yakaonekana Wales mwaka 1980. Ellis na Hennelly waliwapima watu wenye lugha mbili, Kiwelisi na Kiingereza. Majina ya tarakimu kwa Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa, na watu walewale wakapata alama ndogo kwa Kiwelisi. Walipozuiwa kujirudia kimoyomoyo kwa kutamkishwa neno jingine wakati wote, tofauti ikatoweka. Mwaka 1986 Naveh-Benjamin na Ayres wakalinganisha Kiingereza, Kihispania, Kiebrania na Kiarabu. Kiingereza chenye majina mafupi kikaongoza, Kiarabu kikashika mkia. Hakuna aliyesema Waarabu wana kumbukumbu mbovu.

Sasa hesabu silabi zetu. Kuanzia moja hadi tisa, kila tarakimu ya Kiswahili ina silabi mbili, hata nne, kwa kuwa ile n ya mwanzo inasimama yenyewe. Jumla ni silabi 18. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa ni silabi 10. Hii haina maana kwamba sisi tunatumia karibu mara mbili ya muda, maana silabi za Kiingereza ni nzito, zimefungwa kwa konsonanti, na zetu ni nyepesi. Njia ya kujua ni kupima. Mpe mtoto anayesoma vizuri karatasi yenye tarakimu 50 zilizochanganywa, azisome kwa sauti haraka awezavyo bila kumeza maneno, uhesabu sekunde kwa simu. Tuseme ametumia sekunde 20. Kila tarakimu imemchukua sekunde 0.4, na ndani ya sekunde 2 zinaingia 5. Mtoto huyo akirudia tano, hajapungukiwa chochote. Ulimi wake ndio unaokwenda mwendo huo.

Lipo na la pili katika Kiswahili, ambalo mpimaji aliyetafsiri fomu ya Kiingereza hawezi kuliona kwa sababu kwenye Kiingereza halikuwepo. Mwaka 1964 R. Conrad alionyesha Uingereza kwamba herufi zinazofanana kwa sauti huchanganywa hata pale mtu alipozisoma kwa macho. Tazama tarakimu zetu. Sita na tisa zina sauti zilezile nne, s na t zimebadilishana nafasi tu. Nne na nane zinatofautiana kidogo mno. Tatu na tano zinaanza pamoja. Wakala yeyote wa pesa pale sokoni Majengo anayajua haya bila kusoma saikolojia. Ukimtajia namba kwenye kelele atakuuliza, sita au tisa? (Wazee walikuwa na kenda kwa tisa, ambayo haifanani na chochote, na tandatu kwa sita. Tumeziacha, na fungate, saba ya zamani, tumeibakiza kwa maharusi.) Mtoto aliyeambiwa 3 9 1 7 akajibu tatu, sita, moja, saba, kwenye fomu anapata sifuri, ingawa nafasi zote kazishika na kilichoteleza ni neno moja. Mpimaji anayeweka vema au mkasi tu hatalijua hilo milele. Andika jibu lote kama lilivyotamkwa.

Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kupima kumbukumbu pima sikio. Funika mdomo kwa karatasi, simama mita moja hivi, mtajie mtoto tarakimu moja moja, hasa sita, tisa, nne, nane, tatu na tano, kila moja mara mbili bila mpangilio. Akikosea hata kwa tarakimu moja moja, simamisha kipimo. Huyo ni wa kuangaliwa masikio, nta au usaha, na alama yoyote utakayoiandika siku hiyo haihusu kumbukumbu.

Lugha ipi itumike? Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na wapo watoto wa shule za Kiingereza tangu chekechea ambao namba wanazitaja kwa Kiingereza hata wanapozungumza Kiswahili. Mtoto wa Bahi huenda alijifunza kuhesabu kwa Kigogo, wa Kondoa kwa Kirangi, wa Chemba kwa Kisandawe. Kanuni yetu ni kutumia lugha ambayo mtoto anaitajia tarakimu upesi zaidi, kuiandika juu ya fomu, na kutoichanganya katikati. Akipimwa tena baada ya miezi sita, iwe lugha ileile. Sifuri tunaiacha nje kabisa: ina silabi tatu, na nusu ya watoto wanaiita ziro.

Kuhusu usomaji, hapa ndipo nyumba nyingi zitaharibu. Mwendo ni tarakimu moja kwa sekunde moja. Ukianza na mshale wa saa kwenye 12, orodha ya tarakimu 7 inaishia sekunde ya 6. Watu wengi tukianza hujikuta tunakimbia kuanzia ya nne, kwa hiyo fanya mazoezi peke yako dhidi ya saa ya ukutani, au tumia programu ya simu inayogonga mara 60 kwa dakika, kwa spika ndogo ya sikioni, mtoto asiisikie. Sauti iwe bapa, ishuke kidogo kwenye tarakimu ya mwisho tu, ili mtoto ajue ni zamu yake. Kosa kubwa kuliko yote ni kusoma kwa madaha: tatu-nane-moja, halafu kapumzi, sita-mbili-tano. Hapo umemfungia mtoto mafungu mawili, na atarudia zaidi ya uwezo wake halisi, maana makundi ya tatu tatu ndiyo yanayosaidia sana. Mtoto wa jirani aliyesomewa bapa ataonekana dhaifu. Tumezoea kusoma namba za simu kwa mdundo huo, hivyo usijiamini, jirekodi, ujisikilize.

Orodha haitungwi papo hapo. Mtu akitunga kichwani huangukia 4 5 6, au 1 9 6 1, au mwanzo wa namba yake ya simu, na mtoto hupata fungu la bure. Tarakimu isijirudie ndani ya orodha, jirani zisiwe zinazofuatana kupanda wala kushuka, na kwa Kiswahili tunaongeza kwamba sita isikae kando ya tisa, wala nne kando ya nane, wala tatu kando ya tano. Kila urefu una orodha mbili. Anza na tarakimu mbili, panda moja moja, acha mtoto anaposhindwa zote mbili za urefu mmoja. Usirudie orodha hata akikuomba. Mwambie tu asikilize inayofuata. Usimwambie amekosa, na usiseme vizuri pale tu anapopatia, maana ukinyamaza atajua.

Angalia pia mikono. Wapo wanaoandika kwa kidole juu ya dawati, wapo wanaokunja vidole. Usiwakataze, andika pembeni. Anayeanza kujibu kabla hujamaliza mzuie kwa kiganja na uihesabu orodha hiyo imeharibika, utumie ya akiba. Mpangilio ni sehemu ya jibu: aliyetaja zote lakini akageuza mbili amekosa. Ila makosa ya kugeuza si sawa na ya kusahau, na ukiyaandika yote utaona mtoto mmoja anageuza katikati daima huku mwanzo na mwisho viko salama. Hilo ni la kawaida kwa binadamu wote.

Kutoa alama nako kuna mtego. Chukua watoto wawili. Wa kwanza amepatia orodha zote mbili za tarakimu 2, 3 na 4, moja ya 5, moja ya 6, akashindwa zote za 7. Wa pili amepatia zote mbili hadi 5, moja ya 6, akashindwa za 7. Kwa njia ya urefu mkubwa kabisa, wote wawili ni 6, sawasawa. Kwa njia ya kuhesabu orodha zilizopatiwa, wa kwanza ana 8 na wa pili 9. Kwa njia ya tatu, tunayoipendelea, mtoto anaanza na 1 ya bure, kila urefu aliopatia orodha zote mbili unampa 1, aliopatia nusu unampa 0.5: wa kwanza anapata 5.0, wa pili 5.5. Njia zote tatu zinatumika duniani, na zote huitwa jina moja. Ukisoma mahali kwamba mtoto ana kumbukumbu ya 6, kwanza uliza imehesabiwaje. Tena pima zaidi ya mara moja, kwa orodha tofauti, siku tofauti. Tofauti ya tarakimu moja kati ya Jumatatu na Alhamisi haina maana yoyote.

Kurudia kinyumenyume, kutoka ya mwisho kwenda ya kwanza, ni kipimo kingine kabisa, maana mtoto anashika na papo hapo anapanga upya. Watu wazima wengi hupungua tarakimu moja au mbili wakigeuza. Chini ya miaka 7 wengi hawaelewi agizo. Mfundishe kwa mbili mbili, na akishindwa baada ya mifano kadhaa liache. Msijumlishe alama za mbele na za nyuma kuwa namba moja kama makala ilivyofanya.

Mahali pa kupimia tusingepataja kama si kwamba makala ilipendekeza sebuleni. Kelele za upepo na hata mvua ya Januari juu ya bati huudhi, lakini mtoto akikusikia vizuri unaweza kuendelea. Inayoharibu zaidi ni sauti ya watu wakiongea, hata kwa lugha asiyoielewa, kwa sababu maneno huingia moja kwa moja pale pale sauti za tarakimu zinapohifadhiwa. Redio ya taarifa ya habari, kwa hiyo, ni mbaya kuliko trekta. Na shuleni usikubali chumba kilichopakana na darasa linaloimba jedwali la kuzidisha.

Kwa mtoto ambaye lugha inatia shaka, au anayesita kuongea mbele ya mgeni, kipo kipimo kisicho na maneno. Kilibuniwa na Philip Corsi katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akakieleza mwaka 1972. Fundi seremala yeyote hapa mjini atakitengeneza kwa asubuhi moja: vipande 9 vya mbao, kila kimoja sentimita 3 pande zote, vimegundishwa juu ya ubao wa sentimita 23 kwa 21 hivi. Visipangwe kwa mistari, vitawanywe ovyoovyo, maana mistari humpa mtoto maumbo ya kushikilia. Namba 1 hadi 9 ziandikwe upande unaotazama mpimaji tu. Unagusa kipande kimoja kwa sekunde kwa kidole kimoja, unarudisha mkono, mtoto anagusa vilevile kwa mpangilio uleule. Mtu mzima hufika 5 au 6. Kosa la kawaida ni mpimaji kubakiza macho kwenye kipande kinachofuata. Watoto wanasoma macho kuliko mnavyodhani. Na alama yake usiilinganishe na ya tarakimu, kwa kuwa ni kumbukumbu ya mahali, si ya sauti.

La mwisho ni tangazo lililokaa chini ya makala, la masomo ya jioni ya kukuza kumbukumbu kwa kukariri namba ndefu. Mazoezi ya namba huongeza namba, hilo ni kweli. Mwaka 1980 Ericsson, Chase na Faloon walieleza habari za kijana mmoja wa Pittsburgh, Marekani, aliyeanza na tarakimu 7 na baada ya saa zaidi ya 200 za mazoezi akafika 79. Alikuwa mkimbiaji, na kila tarakimu tatu au nne aliziona kama muda wa mbio fulani. Walipomgeuzia herufi, akarudi kwenye 6 hivi. Mzazi anayelipa ada hizo ananunua ustadi wa namba tu. Kusoma kwa ufahamu hakumo.

Kama mtakubali kuchapa orodha kwa wanaotaka kujaribu, hizi hapa. Za mbili: 6 2 na 5 8. Za tatu: 7 2 5 na 4 9 1. Za nne: 3 8 1 6 na 9 2 7 4. Za tano: 5 1 8 3 9 na 2 7 4 9 1. Za sita: 8 3 6 1 7 4 na 7 4 2 9 5 1. Za saba: 1 6 3 9 2 8 5 na 9 4 7 1 5 8 2. Tunamwomba mpangaji kurasa aache nafasi sawa kati ya tarakimu na tarakimu. Akizibana tatu tatu ili zitoshe kwenye safu, mzazi atazisoma tatu tatu, na hicho hakitakuwa tena kipimo tulichokieleza.

Walimu na wapimaji wa saikolojia,
Dodoma